Jembe na Salamu

Sisi tukaao Buyangu, kando ya msitu wa Kakamega, twajua kwamba kukata mti bila ruhusa humfikisha mtu mahakamani. Je, ni lazima afungwe? Sheria ya Kenya ya mwaka 1998 yampa hakimu njia nyingine. Ikiwa kifungo kimpasacho mkosaji hakizidi miaka 3, aweza kuamriwa afanye kazi ya umma bila malipo: kupanda miti, kutengeneza barabara, kutunza maji. Jioni hurudi kwake, akawaona watoto wake. Lakini akiikimbia kazi hiyo, huitwa tena mahakamani, na aweza kupelekwa gerezani.

Basi twamkuta kwenye kitalu cha miche, jembe mkononi. Wengine hugeuza uso, wengine hucheka. Tumkumbuke Yusufu: alikuwa mfungwa, na mkuu wa gereza akamkabidhi kazi, akamwamini. Mahakama yaweza kumpa ndugu yetu jembe. Heshima haiwezi kumrudishia. Hiyo imewekwa mikononi mwetu. Tumsalimu kwa jina lake, na Jumapili tumpishe nafasi kwenye benchi.