Mashine ya Kuchomelea kwa Mtu wa Hulugho: Umeme Kwanza, Ampea Baadaye

Ukiingia duka la vifaa Nairobi kutafuta mashine ya kuchomelea, muuzaji atakuuliza unataka ya ampea ngapi. Mtu wa Kayole, mtaa wa Nairobi, anaweza kumjibu hapo hapo. Mtu wa Hulugho inafaa ajiulize kwanza umeme wenyewe atautoa wapi, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua kama mashine itafanya kazi au itageuka kiti cha kukalia wageni.

Hulugho, katika Kaunti ya Garissa, haiko kwenye gridi ya taifa. Garissa mjini penyewe gridi ilifika katikati ya miaka ya 2010 tu, na kile kituo cha sola cha megawati 50 kilichozinduliwa Garissa mwaka 2019 huingiza umeme wake kwenye gridi hiyo hiyo. Huku karibu na mpaka wa Somalia, mji unategemea kituo chake kidogo cha dizeli na sola, na aliye nje ya mji hana hata hicho. Ana jenereta, au paneli ya kuchaji simu na kuwasha taa. Paneli hiyo isahau kabisa kwa kazi hii.

Kuna mashine za aina tatu ambazo mnunuzi wa kawaida atakutana nazo. Ya kwanza ni ya trafo, lile sanduku zito lenye gurudumu au mpini, ambalo mafundi wa jua kali wa Nairobi wamekuwa wakilisuka kwa mikono kwa miaka mingi. Ya pili ni inveta, ndogo, ya kubebwa begani kwa mkanda, kilo tano hivi. Ya tatu ni jenereta yenye mashine ya kuchomelea ndani yake. Hii ya tatu ni nzuri kweli, lakini bei yake huanzia laki moja kwenda juu na inamfaa mkandarasi wa visima. Anayeanza nyumbani aiache.

Ubishi uko kati ya trafo na inveta. Wazee wa kazi hupenda trafo, na wana sababu: haina saketi za kuungua, vumbi haliitishi, na ikiharibika fundi yeyote anaisuka upya. Mimi nakubali yote hayo na bado naipinga kwa Hulugho. Tazama hesabu. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5, ambacho ndicho anayeanza atakitumia karibu kila siku, kinataka ampea kama 80. Kwa kiwango hicho tao la moto hukaa kwenye volti 23 hivi, kwa hiyo kazi halisi pale kwenye chuma ni chini ya kilowati 2. Inveta itavuta kama kilowati 2.2 kukupa hiyo, au tuseme kVA 3 ukihesabu na kipengele chake cha nguvu (power factor). Trafo ya kawaida itavuta karibu kVA 5 kwa mshono ule ule. Soketi ya nyumbani ya ampea 13 kwa volti 240 mwisho wake ni kilowati 3.1. Inveta inapita hapo kwa shida kidogo. Trafo inaangusha swichi, na majirani watajua ni wewe kwa jinsi taa zao zinavyofifia. Katika mji unaolishwa na kituo kidogo, hilo si jambo la kuchekesha. Kabla ya kununua chochote, ongea na wanaokiendesha kituo, maana huenda wana saa wanazoruhusu mizigo ya aina hii.

Sasa hizo ampea za kwenye sanduku. Utaona inveta ya shilingi 8,000 imeandikwa 300 kwa herufi kubwa nyekundu, na jirani yake ya shilingi 14,000 imeandikwa 160. Usikimbilie ya 300. Ampea 300 za kweli zinahitaji volti 32 kwenye tao, yaani karibu kilowati 10, na hizo haziwezi kupita kwenye waya mwembamba na plagi ya ampea 13 iliyofungwa nyuma ya mashine hiyo. Pindua sanduku usome kibao kidogo cha mtengenezaji. Tafuta mahali palipoandikwa ni asilimia ngapi ya dakika kumi mashine inaweza kuchomelea bila kupumzika. Asilimia 60 maana yake ni dakika sita za moto na nne za kupoa. Asilimia hiyo kwa kawaida hupimwa kwenye joto la nyuzi 40, na chini ya mabati mwezi wa Machi banda lako litafika huko bila kuombwa. Mashine ambayo haina kibao hicho kabisa, mrudishie muuzaji na umshukuru.

Ukiwa wa jenereta, gharama inahama kutoka kwenye mashine kwenda kwenye mafuta. Kwa inveta inayochoma kijiti cha milimita 2.5 usiende chini ya jenereta ya kVA 5, hata kama rafiki yako anakwambia yake ya kVA 2.5 inatosha. Inatosha kuwasha moto, kisha inakohoa na kuzima. Jenereta kama hiyo ya petroli hunywa lita moja na nusu mpaka mbili kwa saa. Lita ikiwa shilingi 180, ambayo kwa Hulugho ni bei ya kuotea, unateketeza shilingi 270 hadi 360 kwa saa, na inanguruma hata unapopima na kukata. Kwa umeme wa mita, saa nzima ya tao lenyewe ni yuniti mbili na kitu, kama shilingi 60 au 70. Ndiyo maana fundi mwenye akili hupanga kazi: anakata vyuma vyote, anavipanga, anavisafisha, ndipo anawasha jenereta. Na aiwashe kwanza, itulie, ndipo awashe inveta. Wakati wa kumaliza, inveta izimwe kabla ya jenereta. Mtikisiko wa volti ndio unaoua hizi mashine ndogo, kuliko kazi yenyewe.

Jambo ambalo watu wengi hawalihesabu ni waya wa kurefushia. Mita 50 za waya wa milimita mraba 1.5 zinameza volti kama 17 kabla umeme haujafika. Chukua wa 2.5, uwe mfupi iwezekanavyo, na uukunjue wote kutoka kwenye gurudumu lake, la sivyo utayeyuka.

Bajeti yangu kwa anayeanza, kwa bei za Nairobi zinazopanda na kushuka, ni hii: inveta ya kweli ya ampea 160, shilingi 12,000 hadi 15,000, grainda, 4,000 hadi 5,000, kofia ya kioo kinachojitia giza, 2,000 hivi, glavu za ngozi, nyundo ya kubandua slagi, brashi ya waya na vijiti, 2,500. Jumla haifiki 25,000, bila waya na nauli. Ukiwa na 20,000 tu, punguza kwenye grainda, nunua ndogo. Kofia usiiguse. Miwani ya jua ambayo vijana huvaa kwenye mabanda haizuii mwanga wa tao. Macho huanza kuwasha na kutoa machozi usiku, saa kadhaa baada ya kazi, na ukirudia mara nyingi madhara hubaki. Kwa ampea 80 unahitaji kioo cha namba 10.

Kujifunza ni gharama ya pili, na ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Ukitaka cheti, North Eastern National Polytechnic iko Garissa, na mtihani wa ufundi wa NITA unaweza kuufanya hata kama ulijifunzia barabarani. Lakini kwa anayetaka kutengeneza mkokoteni wake wa punda na jukwaa la tangi, mwezi mmoja wa kukaa karibu na fundi mzuri unatosha kumwanzisha. Usianze na bomba la mraba la geji 18. Lina unene wa milimita 1.2 tu na litatoboka mpaka ukate tamaa. Anza na vipande vya chuma bapa cha milimita 5, hata vilivyokatwa kwenye chesisi kuukuu. Weka ampea 75 au 80, kwaruza kijiti, kisha ukishike karibu na chuma, umbali usiozidi unene wa kijiti chenyewe. Usiutazame moto. Tazama dimbwi la chuma kilichoyeyuka nyuma yake. Ukipatia, sauti inakuwa kama sambusa zikikaangwa, bila kukatika. Kijiti kikiganda, ampea ni chache au mkono umekaribia mno. Kilo moja ina vijiti kama 50. Chukua kilo mbili za kuharibu na usizihesabu kama hasara.

Ujaribu mshono kwa kuupinda kwenye jiwe kwa nyundo. Ukivunjika na ndani ukaona vishimo na slagi, rudia. Kazi yako ya kwanza ya kuwafanyia watu wengine isiwe keria ya pikipiki, maana hiyo hubeba binadamu.

Mabati na mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yakichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa usiku. Kwaruza zinki kabla, simama upande upepo unakotoka. Na pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli usilichomelee kabisa, hata likiwa limekauka mwaka mzima. Mvuke uliobaki unatosha kulipasua.

Kama unachotaka ni geti moja na madirisha mawili, sahau haya yote, mlipe fundi. Mashine inaanza kujilipa pale unapokuwa na kazi ya kurudia: mabirika ya mifugo, mikokoteni, vitanda vya chuma, matengenezo ya magari yanayokatika springi njia ya Ijara. Huko ndiko wateja waliko, na wengi watakuja na chuma chao wenyewe.

Vijiti nunua Garissa kabla ya mvua za Aprili, vya aina ya E6013, pakiti mbili zaidi ya unazodhani utahitaji, kwa sababu barabara ikifungika bei ya duka la karibu haitakuhurumia. Viweke kwenye mtungi wa plastiki wenye kifuniko kinachobana. Vikishika unyevu, vikaushe vizuri kabla ya kuvitumia.