Anayelipia Sufuria ya Majaribio

Fungu la sukuma wiki la shilingi ishirini katika soko la Kangemi, Nairobi, halina uzito mmoja. Mvua ikinyesha, muuzaji hufunga majani tele. Kiangazi kikishika, bei hubaki ile ile na fungu hukonda. Anayepikia watoto wake nyumbani hasumbuki, jicho lake ndilo mzani. Kwa mwandishi wa mapishi, hiyo ni gharama. Akiandika “mafungu mawili”, msomaji wa Loresho na yule wa Voi watapika vyakula viwili tofauti. Itambidi anunue mzani, achambue mboga, apime kwa gramu, apike, aonje, kisha arudie. Pishi likikubali, ameshamaliza mboga, mafuta, gesi na siku nzima ya kazi, na kwa hatua hiyo hakuna aliyemlipa.

Hapo ndipo biashara ya uandishi wa chakula Nairobi inapokwama. Fedha zimo, tena zinaongezeka, lakini hulipia picha, jina la mwandishi na tangazo la unga. Majaribio, ambayo ndiyo yanayomfanya msomaji aamini ukurasa, hubaki juu ya mfuko wa mwandishi.

Kazi yenyewe ni kongwe mjini. Mwaka 1928, chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's kilitoa The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide, kitabu kilichorudiwa kuchapishwa kwa miongo kadhaa. Kilikusanywa na wanachama wenyewe kwa ajili ya walowezi wenzao. Mpishi Mwafrika aliyesimama mekoni kutwa hakuandikiwa yeye. Baadaye akaja Kathy Eldon, Mmarekani aliyehamia Nairobi miaka ya 1970. Aliandika kuhusu mikahawa, akatoa mwongozo wa kula nje nchini Kenya, na pamoja na mpishi wa hoteli Eamon Mullan akatunga Tastes of Kenya. Njia yake ndiyo ambayo wengi waliifuata baadaye: uanze na safu gazetini, ujulikane, ndipo utoe kitabu.

Leo ngazi hiyo imegeuka juu chini. Kaluhi Adagala alijenga jina kwa tovuti yake, Kaluhi's Kitchen, iliyotwaa tuzo za BAKE za wanablogu wa Kenya. Kiran Jethwa alitoka jikoni mwa mkahawa akaingia kwenye televisheni, hadi National Geographic. Kampuni ya EatOut, iliyoanzishwa na Mikul Shah, ilianza na orodha ya mikahawa, ikazaa jarida la Yummy na wiki ya mikahawa ya Nairobi. Magazeti nayo hayakuacha kabisa: Taifa Leo limekuwa likichapisha makala za MAPISHI kwa Kiswahili, na naona hiyo ni huduma isiyosifiwa inavyostahili, kwa sababu vitabu vingi vya mapishi katika maduka ya Westlands ni vya Kiingereza.

Tukifanya hesabu ya kitabu, sababu ya ngazi kugeuka inaonekana wazi. Chukua kitabu cha mfano, chenye picha za rangi, kinachouzwa shilingi 2,000. Tangu sheria ya VAT ya 2013, vitabu hutozwa asilimia 16. Ndani ya bei hiyo, shilingi 276 ni za serikali. Zinabaki 1,724. Duka likichukua asilimia 35, hizo ni 603. Mwandishi akipewa mrabaha wa asilimia 10 ya bei isiyo na kodi, anapata 172, na kodi ya zuio ya asilimia 5 bado inamngoja. Mchapishaji anabaki na shilingi 949 za kulipia mpiga picha, msanifu, mhariri, karatasi nzito, uchapishaji wa rangi, ghala na usafirishaji. Nakala elfu moja zikiisha zote, mwandishi ana shilingi 172,000 kwa kazi iliyoweza kumchukua miaka miwili. Mchapishaji wa Kenya, ambaye hutegemea zaidi vitabu vya shule, anajua darasa la nne litarudi Januari. Hana uhakika huo na mnunuzi wa kitabu cha mapishi.

Kwa hiyo wengi hujichapishia. Huchukua nambari ya ISBN kutoka huduma ya maktaba ya taifa, humlipa mchapaji, huuza kwa M-Pesa na kumtuma mtu wa boda na bahasha. Hapo shilingi 603 za duka hubaki kwao, ila mtaji wote ni wao na maboksi hulala sebuleni. Wengine huuza kitabu cha kusomwa kwenye simu tu, kisicho na karatasi, na baada ya wiki moja hukikuta kimeshasambaa katika makundi ya WhatsApp. Sheria ya hakimiliki hulinda maneno na picha za mwandishi. Orodha ya viungo haiilindi, na mwizi wa mapishi anajua hivyo.

Mapato makubwa hutoka kwingine: kampuni za unga, mafuta ya kupikia, viungo na majiko. Video moja yenye chapa ya mdhamini yaweza kulipa kuliko mrabaha wa miezi mingi. YouTube hulipa pia, baada ya kufikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa, na tangu sheria ya fedha ya 2023 mapato ya maudhui ya mtandaoni hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Simlaumu anayekubali kazi ya mdhamini, kwa kuwa kodi ya nyumba hailipwi kwa sifa. Ninachotaka ni msomaji aambiwe, mwanzoni kabisa, kwamba mafuta yale yamo ndani ya sufuria kwa sababu yamelipiwa.

Kwa mhakiki wa mikahawa shida ni kali zaidi. Bili ya watu wawili katika mkahawa wa Westlands yaweza kupita malipo ya makala nzima ya mwandishi wa kujitegemea. Mkahawa unapomwalika ale bure, mpishi akijua ni nani ameketi meza ya dirishani, kinachoandikwa hakimsaidii mteja atakayekwenda Jumamosi bila mwaliko. Mhariri anayetaka uhakiki wa kweli alipe bili. Ni gharama ndogo kuliko ukurasa uliopoteza imani ya wasomaji.

Narudi kwenye sufuria, maana ndiko taaluma iliko. Loresho iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharage yaliyoiva vizuri Mombasa kwa muda ulioandikwa kitabuni yatakuwa bado magumu hapa muda huo ukiisha. Keki nayo hubadilika: hamira ya unga iliyofaa pwani huiinua haraka mno huku juu, kisha ikazama katikati. Mwandishi asiyejaribu katika miinuko yote miwili anaandikia nusu ya nchi.

Kazi kama hiyo imewahi kufanywa, kwa fedha za umma. Mwaka 2018 serikali na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zilitoa jedwali la virutubishi vya vyakula vya Kenya pamoja na kitabu cha mapishi ya kawaida ya wananchi, yenye vipimo na thamani ya lishe, bila malipo. Kabla yake, 1999, Patrick Maundu na wenzake walitoa Traditional Food Plants of Kenya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia maisha yake ya utafiti kurudisha heshima ya mboga za kienyeji kama managu, saga na mrenda. UNESCO, mwaka 2021, iliitambua kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kuwa mfano mwema. Hiyo yote ni mali ghafi ya waandishi, na wachache mno wanaichimba.

Iliyo karibu zaidi iko Loresho kwenyewe. Makao makuu ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, yako Barabara ya Kaptagat, na bewa la Upper Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi, lenye idara ya sayansi ya chakula, ni jirani. Watafiti wa KALRO wametoa aina za maharage kama Nyota, Angaza, Faida na Metameta. Nyota ina madini ya chuma na zinki kwa wingi na huiva haraka, jambo kubwa kwa nyumba inayohesabu kila mtungi wa gesi. Mkulima ameshaelezwa jinsi ya kuyapanda. Mpishi anahitaji kuambiwa gramu ngapi za Nyota zitoshe watu sita, ziloweshwe au la, zichemke dakika ngapi Kangemi na ngapi Kisauni, Mombasa, na nazi itiwe lini. Kampuni ya mbegu ina sababu ya kulipia majaribio hayo, kaunti inayolisha watoto shuleni ina sababu, na mchapishaji wa vitabu vya shule anao tayari wasomaji wa kuuziwa. Mwandishi atakayepeleka ombi lake Kaptagat Road aanzie na bajeti ya sufuria, mzani na gesi, ndipo aandike mstari wa mpiga picha.