Arena ya Kigali Ina Nini, na Sisi Kilifi Twataka Nini?

Juzi tukitoka msikitini baada ya Isha, kijana mmoja wa hapa Bofa aliniuliza: hiyo arena ya Kigali ni kitu gani hasa, hata kila jambo kubwa likimbilie kule?

Arena ni uwanja ulioezekwa, lakini si kupiga mabati juu ya uwanja tu. Paa hubebwa na vyuma vinavyotoka ukuta hadi ukuta bila nguzo katikati, ili hata aliyekaa nyuma kabisa aone. Sakafu ya mpira wa kikapu ni ya mbao, vipande vipande vya kufunga na kufungua. Leo mechi, usiku mbao zaondolewa, kesho jukwaa la muziki, keshokutwa mkutano. Jumba lenye kazi moja hulala njaa.

Ile ya Kigali hubeba watu 10,000. Kampuni ya Uturuki, Summa, iliijenga kwa takriban miezi 6, ikafunguliwa Agosti 2019. Ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ilianzia pale Mei 2021, na mwaka huo huo Morans wetu wakacheza AfroBasket hapo, mara yao ya kwanza tangu 1993. Mwaka 2022 Benki ya Kigali ikanunua haki ya jina, ndiyo sasa yaitwa BK Arena. Naam, hata jina huuzwa! Desemba 2023 akaja kuimba Kendrick Lamar.

Nairobi kuna ukumbi wa Kasarani, uliojengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Mombasa, KPA wana ukumbi wao wa Makande. Huku kwetu vijana huchezea saruji iliyo wazi. Masika yakishuka, mchezo umekwisha.

Najua wazee wangu watasema: muziki mwatuletea wa nini? Mimi mwenyewe sipendi kelele. Lakini ngoma za uwanja wazi ndizo zinazotufuata vitandani hadi karibu na alfajiri. Ukuta mnene na dari lenye kunyonya sauti huzibakisha nyingi ndani. Na jumba hilo hilo lafaa mashindano ya Qur'ani, lafaa swala ya Idi siku ya mvua.

Sisemi tujenge la watu 10,000. Nani atalijaza kila wiki? Stima ya kupoza hewa ni ghali, na chumvi ya bahari hula chuma bila huruma. Lisilopakwa rangi kila mara litaoza mbele ya macho yetu. La watu 2,000 latutosha.

Linalonikosesha usingizi ni ardhi. Ploti za Bofa zauzwa kila uchao, kuta zapanda hadi ufuoni. Jengo laweza kungoja miaka 10, lakini kiwanja hakingoji. Kaunti itenge ekari chache sasa, ziandikwe kwa jina la umma, na hati ionyeshwe wananchi barazani.