Sura ya Tisa: Kikomo cha Ukubwa wa Barua

Tuseme kampuni inayonunua na kukamua alizeti ina ofisi kuu Singida mjini, na wakala wake yuko Kinampanda, wilayani Iramba. Mwisho wa msimu wakala anaskani mikataba ya wakulima, anapata faili moja la PDF la megabaiti 9, analiambatisha na kulituma kwa mhasibu. Muda si mrefu barua inarudi. Anampigia simu afisa TEHAMA wa kampuni: “Kaka, barua imegoma. Ulituambia mwisho ni megabaiti kumi, na faili langu ni tisa.”

Wakala amesema kweli. Afisa naye alisema kweli alipotangaza kikomo cha megabaiti kumi. Na seva iliyokataa barua haikukosea.

Sura hii inaeleza jinsi mambo hayo matatu yanavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na jinsi ya kutafuta chanzo cha tatizo la aina hii bila kubahatisha. Shika hili tangu mwanzo: barua pepe haina kikomo kimoja. Inapita hatua kadhaa kabla ya kumfikia mwenyewe, kila hatua ina kikomo chake, na kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua. Kazi ya kwanza ya fundi ni kujua hatua ipi imekataa. Asiguse tarakimu yoyote kabla ya hapo.

Jinsi 9 inavyokuwa 12

Kanuni za kusafirisha barua pepe, zijulikanazo kama SMTP, ziliandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Wakati ule barua ilikuwa maandishi matupu: herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache. Picha, sauti na hati zenye mapambo hazikuwa na nafasi. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha utaratibu uitwao MIME, ulioruhusu faili la aina yoyote kusafiri ndani ya barua. Kwa kuwa seva za dunia nzima zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya maandishi, ilikuwa rahisi zaidi kuligeuza faili kuwa maandishi kuliko kuzibadilisha seva zote.

Mbinu inayofanya kazi hiyo huitwa Base64. Kila baiti tatu za faili huandikwa kwa herufi nne. Herufi hizo hupangwa katika mistari ya herufi 76, na kila mstari hufungwa kwa baiti mbili za ziada. Ukijumlisha vyote, faili limeongezeka kwa takriban asilimia 37.

Wakulima wa vitunguu mkoani Singida wanaijua lumbesa: gunia linahesabiwa moja, lakini limejazwa na kuongezewa kichwa mpaka uzito wake umepita kipimo halali. Kiambatisho nacho hupimwa kikiwa tayari kimeota kichwa. Kwenye kompyuta ya wakala faili lilikuwa baiti 9,000,000. Mbele ya seva ni kama baiti 12,300,000, bado hujahesabu maneno ya barua yenyewe na maelezo ya safari yanayotangulia juu yake. Kikomo kilikuwa 10,240,000. Barua ilizidi kwa zaidi ya megabaiti mbili.

Kwa hiyo ukitaka kujua faili kubwa kabisa linaloweza kupita, chukua kikomo cha seva ukizidishe kwa 0.73. Kikomo cha 10,240,000 kinapitisha faili la kama megabaiti 7.4 tu. Hiyo ndiyo tarakimu ya kuwatangazia wafanyakazi. Afisa wetu alitangaza kikomo cha seva, na watu wakakielewa kuwa ni kikomo cha faili.

Vikomo vinakokaa

Tuifuate barua hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni pale barua inapoandikwa. Anayetumia kivinjari huanza kwa kupakia faili kwenye seva ya wavuti, na hapo pana vikomo visivyohusiana na barua pepe hata kidogo. Seva ya wavuti ya nginx, isipobadilishwa, hupokea megabaiti 1 tu kwa ombi moja, na ikizidishiwa hujibu kwa namba 413. Lugha ya PHP, inayotumiwa na programu za barua za kwenye kivinjari kama Roundcube, nayo isipobadilishwa huruhusu faili la megabaiti 2 na fomu nzima ya megabaiti 8. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba kwenye kivinjari faili linakataa, lakini kwenye simu linakwenda. Simu huzungumza na seva ya barua moja kwa moja.

Hatua ya pili ni seva ya barua ya kampuni. Kwa Postfix, programu ya Wietse Venema inayotumika sana kwenye Linux, kikomo cha kiwandani ni baiti 10,240,000, na jina lake ni message_size_limit. Kwa Microsoft Exchange inayowekwa ofisini, kikomo cha taasisi nzima ni megabaiti 10 hadi msimamizi akibadilishe. Exchange ina vikomo vingine pia: cha kila kiunganishi cha kupokea na kutuma, na cha kila kisanduku. Fundi akiongeza kimoja na kusahau vingine, hali inabaki ileile.

Hatua ya tatu ni vichujio vya virusi na barua taka, ambavyo navyo vina ukubwa wa mwisho vinavyokubali kukagua.

Hatua ya nne ni seva ya mpokeaji, na hapo huna mamlaka. Mteja mwenye seva yake anaweza kuwa ameweka kikomo kidogo kuliko chako.

Hatua ya mwisho ni kisanduku cha mpokeaji. Barua inaweza kuwa na ukubwa halali kabisa, ila sanduku limejaa.

Soma jibu kwanza

Barua iliyokataliwa hurudi na maelezo. Watu wengi huyafuta kwa sababu yameandikwa kwa lugha ya mitambo, na hapo ndipo ushahidi unapotea. Mwombe mtumaji akutumie barua yote iliyorudi, isiwe picha ya sehemu ya juu tu. Kisha tafuta namba.

Namba inayoanza na 4 maana yake ni subiri: seva itajaribu tena yenyewe. Inayoanza na 5 maana yake ni hapana, na kuituma tena barua ileile hakutasaidia. Baada yake huja namba tatu zenye nukta katikati, na hizo ndizo zenye undani:

- 5.3.4: barua ni kubwa kuliko uwezo wa mfumo.
- 5.2.3: barua imezidi kikomo alichoweka msimamizi kwa mtumaji au mpokeaji.
- 5.2.2: kisanduku kimejaa. Hili si tatizo la ukubwa wa barua. Mpokeaji apunguze barua au aongezewe nafasi.
- 4.3.1: diski ya seva haina nafasi ya kutosha kwa sasa.

Swali la pili ni nani aliyesema. Fungua kumbukumbu za seva yako. Kwenye mifumo mingi ya Linux ziko katika /var/log/maillog au /var/log/mail.log. Ukikuta mstari wenye neno NOQUEUE pamoja na 552 5.3.4, seva yako mwenyewe ndiyo iliyomkataa mtumaji mlangoni. Ukikuta status=bounced na jina la seva nyingine, barua ilitoka salama ikakataliwa ugenini. Hapo ukiongeza kikomo chako utakuwa umefanya kazi bure.

Na kama kumbukumbu hazina chochote kuhusu barua hiyo, haikufika kwenye seva ya barua. Rudi hatua ya kwanza: kivinjari, PHP au mtandao uliokatika katikati.

Iulize seva yenyewe

Tangu miaka ya 1990 seva za barua zina desturi ya kutangaza kikomo chao mwanzoni mwa mazungumzo. Waraka unaoeleza utaratibu huo, RFC 1870, ni wa mwaka 1995. Unganisha kwa telnet kwenye mlango wa 25 wa seva unayoichunguza, andika EHLO na jina la mashine yako, kisha soma majibu. Kati yake utaona mstari kama huu:

250-SIZE 10240000

Hicho ndicho kikomo kwa baiti. Mtumaji naye, kabla ya kuanza kumimina barua, hutaja ukubwa wake, na seva inaweza kukataa papo hapo. Faida yake ni kubwa kwa mtu anayetumia bando la simu: anakataliwa kabla ya kupoteza megabaiti 12 za kupakia.

Zipime seva zote zinazopokea barua za kampuni, hasa ile ya akiba. Kampuni nyingi zina seva ya pili inayopokea pale ya kwanza inapozimika, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kuisanidi. Tatizo likitokea siku moja na kupotea kesho yake bila mtu kugusa chochote, anza na seva ya akiba.

Kuongeza kikomo kwa usalama

Ukishathibitisha kwamba kikwazo ni seva yako, amua ukubwa wa faili unaotaka lipite, kisha uzidishe kwa 1.37 na uongeze kidogo. Kwa faili la megabaiti 20 weka kama 29,000,000:

postconf -e message_size_limit=29000000

postfix reload

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: Postfix haikubali kisanduku kiwe na kikomo kidogo kuliko barua moja. Kikomo cha kisanduku cha kiwandani ni 51,200,000, kwa hiyo anayeweka barua ya megabaiti 60 bila kugusa mailbox_size_limit atakuta barua haziingii visandukuni, na kumbukumbu zitasema wazi kwamba usanidi una kosa.

Mtego wa pili ni wa diski. Postfix hudai nafasi wazi isiyopungua mara moja na nusu ya kikomo cha barua kabla ya kupokea barua yoyote, hata ya mstari mmoja. Ukiweka kikomo cha gigabaiti 2 kwenye seva iliyobakiwa na gigabaiti 2.5, ofisi nzima itaanza kukataliwa kwa 452 4.3.1, na kila mtu atashangaa kwa nini salamu fupi haziendi.

Postfix pia inaruhusu tarakimu 0, yaani bila kikomo. Usiiweke. Mtu mmoja mwenye nia mbaya, au mashine moja iliyoharibika, itaijaza diski yako usiku mmoja.

Kabla hujaongeza

Kikomo humlinda aliye mwisho wa njia nyembamba. Barua ya megabaiti 29 kwenye laini inayopakia kilobiti 256 kwa sekunde inachukua dakika 15, ikiwa mtandao hautakatika. Ukikatika, mara nyingi inaanza upya. Ikienda kwa wateja kumi wenye seva kumi tofauti, seva yako itaituma mara kumi.

Mara nyingi dawa iko kwenye skana. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una nukta karibu milioni 8.7, kwa 150 una milioni 2.2, yaani robo, na mkataba uliochapwa bado unasomeka vizuri. Kuondoa rangi pale zisipohitajika hupunguza tena. Faili la wakala wetu lingeweza kushuka hadi megabaiti 2 au 3 na kupita bila mtu kugusa seva. Kwa vitu vizito kweli, kama video au ramani, weka faili kwenye hifadhi ya kampuni na utume kiungo.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu kila barua inapogoma: soma namba, jua aliyeisema, ipime seva husika, piga hesabu ya asilimia 37, ndipo uamue kama dawa ni kuongeza kikomo au kupunguza faili. Andika kikomo halisi cha faili kwenye karatasi na ukibandike karibu na kila skana ya kampuni, Singida mjini na Kinampanda vilevile. Mfanyakazi anayeijua tarakimu hiyo mapema hahitaji kukupigia simu.