Depute wa Kabimba ni wa nani?

Watu wa Kabimba, kwenye ziwa kusini ya Kalemie, walichagua depute mara ya kwanza katika mwezi wa tano 1960. Bunge lilikuwa na wadepute 137. Lakini wanaume tu ndio walipiga kura. Wamama walipata haki ile mwaka 1967. Jimbo nalo liligeuka: Katanga, halafu Katanga ya Kaskazini mwaka 1962, tena Katanga 1966, na tangu 2015 Tanganyika.

Katiba ya 2006 inasema: depute, hata akichaguliwa kwetu, ni wa taifa zima. Basi tusimwulize tu: «Umetuletea nini?» Tumwulize pia: «Umekubali sheria gani, na kwa faida ya nani?»