Kabla ya Kununua Mabomba, Pimeni Mteremko

Huku Roret chemchemi nyingi ziko mabondeni, na nyumba zetu ziko juu ya vilima. Kikundi kikitaka kuleta maji kwa bomba bila pampu, swali la kwanza ni hili: je, mahali pa tangi ni chini kuliko chemchemi? Msiamini macho. Kwenye vilima vya chai macho hudanganya, na pesa za michango na bonasi zikishanunua mabomba hazirudi.

Chombo cha kupimia kinaitwa levo. Ni darubini ndogo juu ya miguu mitatu. Ikiwekwa sawa, kiputo kikakaa katikati, inatazama usawa mmoja kila upande, kama uso wa maji kwenye beseni. Mwenzenu anashika fimbo ndefu yenye alama za mita na sentimita, akiisimamisha wima. Kumbukeni: namba kubwa ni ardhi ya chini, namba ndogo ni ardhi ya juu.

Fanyeni hivi:

1. Wekeni fimbo kwenye usawa wa maji ya chemchemi. Simamisheni levo mbele, msome na kuandika. Hiyo ni namba ya nyuma.

2. Fimbo ipite mbele ya levo, juu ya jiwe lisilotikisika. Someni namba ya mbele. Hatua kutoka levo hadi fimbo ziwe sawa pande zote mbili.

3. Sasa levo inahama, fimbo inabaki juu ya jiwe lile lile. Someni nyuma tena, halafu mbele. Endeleeni hivyo mpaka kwenye tangi.

Tuseme mmesimamisha levo mara mbili. Namba za nyuma ni 0.90 na 0.75, jumla 1.65. Za mbele ni 2.40 na 2.65, jumla 5.05. Toeni 1.65 kwa 5.05, mnabaki na 3.40. Jumla ya mbele ni kubwa, basi tangi liko chini ya chemchemi kwa mita 3.40. Kama jumla ya nyuma ndiyo kubwa, tangi liko juu, na maji hayatafika yenyewe.

Msiende nyumbani bado. Pimeni tena kurudi mpaka chemchemi. Mkipanda kwa mita 3.40 zile zile, au tofauti ya sentimita chache tu, kazi ni nzuri. Tofauti ikiwa kubwa, rudieni.

Pimeni pia kila mgongo wa kilima unaopitiwa na bomba. Mgongo mmoja ulio juu kuliko chemchemi unatosha kuzuia maji. Na bomba refu linapunguza nguvu ya maji, kwa hivyo mpelekeeni fundi wa maji namba zenu na urefu wa njia ili achague bomba la kufaa.

Kununua levo ni ghali kwa kikundi kimoja. Ulizeni ofisi ya maji ya kaunti, au vikundi kadhaa mchange pamoja mkodishe mpimaji kwa siku moja. Daftari la vipimo litunzwe na katibu, na kila mwanachama aruhusiwe kuliona kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.