Walinzi wa Minazi Yetu
Akina mama, vidaka vikipukutika mnazini, tusikimbilie kusema shamba limetupiwa kijicho. Mara nyingi ni mdudu afyonzaye utomvu wa vidaka, na mate yake ni sumu kwa tunda changa.

Adui yake ni majimoto, wale sisimizi washonao majani kuwa viota. Watafiti waliliona hilo Unguja tangu miaka ya 1950. Wakwezi huwachukia, nao hawana kosa, maana huuma kweli! Lakini tukiwachoma tunamwachia mdudu nazi zetu, na ada ya shule imo humo. Dawa ya kupulizia nayo huwaua majimoto, tena ina hatari kwa watoto wanaocheza chini.

Tupande michungwa kati ya minazi, wapate makao. Tena tusifyeke nyasi zote: penye udongo mtupu, sisimizi wadogo wa kahawia huhamia shinani, wakapanda na kuwafukuza majimoto.